Wataka DSLR ya mtumba hapa Mombasa? Waulize kwanza waloishi nayo

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, kaka nataka DSLR ya mtumba, hizi kamera kubwa zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, ninunue gani, na mimi jibu langu huwa ni swali, ushamuuliza mtu aloitumia mwaka mzima hapa Pwani? Manake kamera ilokaa vizuri miaka mitano pahali pakavu, ikija huku kwetu kwenye chumvi na joto la kunata, maisha yake huwa mengine kabisa. Ukisoma sifa zake kwenye mtandao utaambiwa megapikseli ngapi na video gani, lakini aloiandika hajawahi kusimama na hiyo kamera ufuoni Pirates upepo wa kusi unapiga mchanga.

Saa hizi ni wakati mzuri wa kununua, hilo ntakwambia wazi. Canon na Nikon DSLR zao mpya za mwisho zilitoka 2020, wenye pesa wamehamia mirolesi, zile zisizo na kioo ndani, kwa hivyo kamera ambazo zamani tulikuwa twaziangalia kwa dirisha sasa zashikika. Ila kushuka kwa bei pia kumeleta vitu vilochoka sokoni, na vinasuguliwa vikang'aa ukadhani vimetoka kwa boksi jana.

Mimi nlikula hasara kwa lenzi. Nlinunua Canon 600D na lenzi yake ile ya 18-55, duka moja la mjini, jioni, ndani kwa ndani. Nkapiga picha kumi nzuri tu, nkalipa nkaenda zangu. Kesho yake asubuhi nko Mama Ngina kando ya bahari, jua kali, nabonyeza, skrini yaandika Err 01, yaani kosa. Nasafisha vile vidoti vya shaba, nabonyeza, Err 01. Nlikuja kuelezwa na mpiga picha mmoja wa beach, mzee wa watu ambaye ameanza hii kazi enzi za filamu, kwamba hizo lenzi za zamani kuna waya mwembamba bapa ndani unaokunjwa kila unapozumu, ukikatika lenzi haiwezi tena kufunga tundu lake la mwanga. Ndani dukani mwanga mdogo tundu lilikuwa limefunguka mwisho, kwa hivyo kila kitu kikaonekana sawa. Nje juani kamera ikataka kulifunga, ikashindwa. Dawa yake yule mzee alinipa kwa sentensi moja, ukijaribu lenzi weka f/11, yaani tundu liwe dogo, upige, uzumu upige tena, uzumu mpaka mwisho upige tena. Dakika moja tu, na hakuna muuzaji alowahi kuniambia.

Tangu hapo nkajua maoni ya mwenye kamera yana thamani kuliko maelezo yote, lakini inategemea unamuuliza nani na unauliza nini. Alonunua mwezi jana atakusifia tu, bado yuko fungate. Anayeuza naye atakusifia, huyo hata usimuulize. Wewe tafuta mtu aloishi nayo mwaka au zaidi, na hapa mjini wako tele. Wapiga picha wa Pirates na wa Mama Ngina kamera zao zakula chumvi kila siku, wakikwambia bodi fulani (kamera bila lenzi) vibonyezo vyake hukwama au raba ya mshikio hubanduka, amini. Wa harusi watakwambia habari ya giza, ukumbi wa usiku taa za rangi rangi, kamera gani ukipandisha ISO, ule wepesi wake wa kunasa mwanga, hadi 3200 picha yatoka na chenga kama mchanga. Na kama wewe ni dada ambaye wataka kupiga harusi, tafuta madada wanaopiga kupamba, ile siku ya kumpamba bibi harusi, na sherehe za wanawake, manake wao hufanya kazi pahali wanaume hatuingii, masaa sita saba mfululizo, wanajua betri gani hudumu na kamera gani ikishikwa muda mrefu mkono wauma.

Usiulize "ni nzuri?" Kila mtu atajibu nzuri. Muulize ya kwanza kuharibika ilikuwa nini. Muulize fundi gani alitengeneza na spea ilipatikana hapa au ilibidi itumwe Nairobi. Muulize kama angepoteza leo angenunua ile ile au angebadilisha, hapo ndo utasikia ukweli, mtu atanyamaza kidogo kisha aseme, bana, ningeongeza kidogo nichukue ile nyengine. Huo unyamavu ndo jibu lako. Na usimfuate mtu akiwa kazini na mteja mbele yake, ngoja amalize, msalimie vizuri, mpe heshima yake, ukiweza mnunulie hata madafu, mtu atakaa na wewe nusu saa akueleze mambo ambayo hungeyapata popote.

Kuna mfano mkubwa wa dunia nzima. Nikon D600 ilipotoka 2012 wenye nazo walianza kulalamika sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, yajaa madoa, wakapeana picha, mpaka 2014 Nikon wenyewe wakasema leteni tusafishe na tubadilishe shata, lile pazia linalofunguka kila picha, bure, na D610 ilikuwa ishatoka 2013. Ile Canon 5D ya kwanza ya 2005 nayo kioo chake cha ndani kilikuwa kikibanduka kikaanguka. Kwenye karatasi zote mbili ni kamera nzuri sana, ni wenye kuzitumia ndo walofichua. Kwa hivyo ukiuziwa D600 leo swali la kwanza ni hilo, ilienda kubadilishwa shata au haikwenda?

Haya, umepata modeli, umepata muuzaji, sasa mkutane mchana pahali pa wazi penye watu, na usitume hata shilingi ya kushikilia. Beba memori kadi yako, tochi ya simu ipo, na mtu mmoja wa kwenda naye.

Anza na fangasi, manake hapa Mombasa ndo adui namba moja. Toa lenzi, fungua tundu lake, piga tochi kutoka nyuma uchungulie mbele huku ukiiinamisha taratibu. Vumbi kidogo halina shida, kila lenzi ina vumbi. Ukiona vijiuzi kama utando wa buibui au mizizi midogo midogo, rudisha hapo hapo hata kama bei ni ya bure, fangasi ikishakula ile rangi ya juu ya kioo hata ukisafisha alama zabaki. Kisha angalia kutu. Skrubu za chini, pale juu unapochomeka fleshi, na mlango wa betri, vile vyuma vikiwa na kijani au kahawia jua hiyo kamera imelala karibu na bahari bila kufunikwa, na kama nje iko hivo ndani je?

Baada ya hapo sensa. Weka f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, izumu picha kwenye skrini. Madoa ya vumbi husafishwa, mstari ulokaa kama mkwaruzo hausafishwi.

Shata ni jambo watu huliogopa kupita kiasi lakini pia usilipuuze. Kila picha ni pigo moja, Nikon wanasema D3200 shata yake imejaribiwa mapigo 100,000 na D7000 150,000, na Canon 5D Mark II vilevile 150,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa, ni kama kilomita za gari. Nikon ni rahisi, hesabu imo ndani ya picha yenyewe, mwambie muuzaji apige picha moja leo akutumie, ila kwa WhatsApp atume kama dokumenti si kama picha, ukitumiwa kawaida inabanwa na hizo taarifa zapotea. Canon nyingi hazihifadhi ndani ya picha, itabidi kuunganisha na kompyuta yenye programu yake, na muuzaji akikataa hilo mwenyewe utajua la kufanya. Kamera ya harusi hupigwa maelfu kwa wikendi moja kwa hivyo miaka miwili tu ni mapigo mengi sana.

Lenzi na bodi lazima vielewane, hapa wengi huumia. Nikon D3000 na D5000 na ndugu zao wote hawana mota ya fokasi ndani, ukiwekea lenzi ya zamani kama 50mm f/1.8D utazungusha kwa mkono. D7000 inayo. Kwa Canon, lenzi za EF-S haziingii kwa 5D wala 6D, lakini za EF zaingia kote. Na kama wataka video, hakikisha kuna tundu la maiki, Canon 600D, 700D na Nikon D3200 zinalo, Canon 1300D na Nikon D3100 hazina.

Jambo moja nataka nilisisitize kwa roho safi. Mara nyengine kamera yauzwa na memori kadi ndani, na kadi imejaa picha za watu, mara nyengine kupamba, bibi harusi kafunguliwa nywele, madada wa watu wamejiachia kwa sababu waliambiwa hakuna mwanamume wala simu. Usifungue, usionyeshe mtu. Mrudishie mwenyewe kadi yake, na kama hapatikani ifomati. Na wewe siku ya kuuza, usiache kadi yako ndani kabisa. Ile ni amana.

Ukiridhika, linganisha namba ya chini ya bodi na ile ya boksi au risiti, andikeni karatasi, mistari miwili mitatu tu, yenye namba hiyo, majina na vitambulisho vyenu, lipa M-Pesa ibaki rekodi. Asokuwa na risiti na hataki kuandika, achana naye, kamera ya wizi ikikukuta mkononi ni wewe utakayeeleza polisi.

Ukifika nyumbani usiitie kabatini na mkoba wake wa ngozi, huko ndo fangasi huzaliwa. Chukua kontena la plastiki la kufunga barabara, weka zile pakti za silika zinazokuja na viatu, nyingi, si moja. Ukitoka ukumbi wa AC kwenda nje iwache ndani ya mkoba nusu saa kabla ya kufungua, la sivyo kioo chapiga mvuke. Na ukipata silika za rangi ni bora zaidi, za buluu zikigeuka waridi zishalowa, zikaushe kwa moto mdogo kwenye sufuria ya zamani isiyopikiwa tena, mbali na watoto, zikirudi buluu uzirudishe kontenani.