Sindano Ikichoma Ateri Wakati wa Kuweka Katheta ya Vena Kuu

Katheta ya vena kuu ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye vena kubwa (mshipa unaorudisha damu moyoni), na wakati wa kuuweka sindano inaweza kuchoma ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyo jirani. Uamuzi mzito kuliko yote hapo hutegemea ukubwa wa kilichoingia kwenye ateri: sindano peke yake, au kipanuzi (kifaa kinene cha kupanua njia ya katheta) na katheta yenyewe.

Usitegemee macho. Damu nyekundu inayoruka kwa mapigo ni ishara ya ateri, lakini mgonjwa aliyeshuka shinikizo au aliyepungukiwa oksijeni anaweza kutoa damu nyeusi inayotiririka taratibu hata ikitoka ateri. Kwa hiyo, kabla ya kutumia kipanuzi, hakikisha kwa ultrasaundi kwamba waya elekezi (waya mwembamba unaoongoza kipanuzi na katheta) umo ndani ya vena, au pima shinikizo kupitia mrija uliounganishwa na sindano. Dakika hiyo moja huokoa mengi.

Ikiwa ni sindano nyembamba tu iliyoingia, itoe na ukandamize mahali hapo bila kuachia kwa angalau dakika 10, na zaidi ikiwa mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Shingoni, endelea kumwangalia: uvimbe wa damu unaokua unaweza kubana njia ya hewa, na dalili za mapema ni sauti kubadilika na kumeza kwa shida.

Ikiwa kipanuzi au katheta nene imeshaingia kwenye ateri ya shingo au ile iliyo chini ya mtulinga, usiitoe. Najua mkono huvutwa kuichomoa mara moja, lakini kuchomoa na kukandamiza kumesababisha kiharusi, kutokwa damu nyingi na uvimbe wa damu iliyovuja kwenye ukuta wa ateri ulioharibika. Tena hiyo ateri ya chini ya mtulinga imejificha nyuma ya mfupa huo na haifikiki vizuri kwa vidole. Iache mahali pake, ifunge, usipitishe dawa yoyote ndani yake, kisha mwite daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu au wa radiolojia tiba (anayetibu kupitia ndani ya mishipa akiongozwa na picha), ili itolewe ateri ikiwa imewekwa wazi kwa upasuaji au ikiwa inazibwa kutoka ndani. Upasuaji usio wa dharura uahirishwe, kwa sababu mgonjwa aliye usingizini hawezi kuonyesha dalili za kiharusi.

Baada ya hapo, pima fahamu, usemi na nguvu za viungo mara kwa mara, rudia ultrasaundi ya mshipa, andika yote kwenye faili, na umweleze mgonjwa au ndugu zake kwa ukweli.