Betri nyepesi ya gari kwa bei poa: shika mita ya umeme kabla hujaenda dukani

Juzi nimemsaidia mshkaji kupunguza uzito kwenye gari yake, ni ya mashindano ya wikendi lakini ndiyo hiyohiyo anaendea kazini, na maswali yake ni yaleyale ninayoulizwa kila mara, so naandika yote hapa. Betri ya kawaida ya gari ndogo ina kilo 13 hadi 18 hivi. AGM (betri ya risasi iliyozibwa, asidi yake imenyonywa na mkeka ndani) ndogo unapata ya kilo 7, lithiamu hata kilo 3 au 4. Wengi wanauliza ipi ina nguvu ya kuzungusha stata, wakati injini ndogo ya petroli ambayo ni nzima haisumbui kivile, AGM ndogo inaiwasha vizuri tu. Kinachowaliza watu ni gari kukaa imezimwa siku kadhaa alafu ikagoma.

Hatua ya 1: gari yenyewe inafaa?

Kama injini inajizima yenyewe kwenye foleni na kujiwasha, acha, hiyo inataka betri yake maalum. Dizeli pia acha.

Hatua ya 2: pima umeme unaoliwa gari ikiwa imezimwa

Hapa ndipo masaa yanaliwa kwa hiyo soma taratibu. Kwanza hakikisha una namba ya siri ya redio kama redio yako inaidai ikikatiwa umeme. Zima kila kitu, fungua boneti, alafu komeo la boneti ulisukume kwa bisibisi lijifunge ili gari idhani boneti imefungwa (usisahau kulifungua kabla ya kushusha boneti!). Funga milango, na kama gari inawaka kwa kitufe peleka rimoti mbali kabisa maana ikiwa karibu kompyuta za gari hazilali.

Mita weka kwenye ampea za DC, waya mwekundu uhamishie tundu la 10A. Ncha moja ibane kwenye waya wa hasi wa gari, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ufanye hivyo KABLA hujachomoa waya, ulegeze tu nati kisha unyanyue mdogomdogo huku mita imeshashika pande zote mbili. Ukiachanisha hata sekunde moja kompyuta zote zinaamka, unasoma ampea 2 au 3 unaanza kuhangaika kutafuta shoti ambayo haipo. Hata ukifanya vizuri subiri, gari nyingine zinachukua nusu saa na zaidi mpaka zilale, namba inashuka kwa ngazi. Usifungue mlango, usiwashe swichi, na usijaribu kabisa kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita inakufa palepale. Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, maana ukienda kupima volti ukiwa bado kwenye 10A umepiga shoti betri.

Mita ya kubana inayosoma DC ni rahisi zaidi, hukati chochote, ila za bei ndogo nyingi hazisomi vizuri miliampea, kwa kazi hii mi naamini mita ya kuunga kwa waya kama hapo juu.

Gari isiyo na tatizo ikishalala inakula miliampea 20 hadi 50. Ikizidi hapo chomoa fyuzi mojamoja uone namba inashukia wapi, mara nyingi ni alamu, kifaa cha kufuatilia gari au redio iliyofungwa baadaye. Rekebisha hiyo kwanza, betri mpya haiponyi.

Sasa hesabu. Miliampea 50 mara masaa 24 ni Ah 1.2 (ampea-saa, kipimo cha umeme betri inaoubeba) kwa siku. AGM ya Ah 16, ukitaka ibaki nusu ya kuwashia, unapata kama siku 6. Lithiamu yenye Ah 4 za kweli kwa hesabu hiyohiyo haifikishi siku 2. Kama gari yako inalala wiki nzima bila kuguswa, jibu unalo, au ufunge swichi ya kukatia umeme.

Hatua ya 3: lebo

Namba ya kuangalia ni CCA, ampea betri inazotoa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi -18 bila kushuka chini ya volti 7.2. CA ni kipimo kama hicho ila kinapimwa kwenye nyuzi 0 so lazima iwe kubwa zaidi, usizilinganishe. Na namba kwenye jina sio CCA: Odyssey PC680, AGM ndogo ya Ah 16, CCA yake ni kama 170. Kwenye lithiamu chunga maandishi PbEq, Ah 12 za PbEq kwa kawaida ni kama Ah 4 halisi, wanalinganisha na betri ya risasi kwenye kuwasha tu. Hizo Ah 4 ndizo za kuweka kwenye hesabu ya juu.

Hatua ya 4: alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri)

Pima volti injini ikiwa inaunguruma. 13.8 hadi 14.5 safi. Ikipanda zaidi ya 14.8 lithiamu sahau. Lithiamu pia haitaki kuchajiwa chini ya nyuzi 0, haipendi joto la karibu na injini, na chaja yenye programu ya kuondoa salfa usiiguse nayo. Ndiyo maana kwa gari ya kila siku nasema AGM bila kusita, zile kilo 3 au 4 za ziada unazopunguza kwa lithiamu ni ghali mno, pesa hiyo nunua tairi nzuri.

Hatua ya 5: kufunga

Hasi inatoka kwanza, inarudi mwisho. Betri hizi ndogo nyingi zina matundu ya bolti, nunua vichwa vya shaba vya kuongezea. Tengeneza kishikio cha chuma, kamba za plastiki hapana, betri ikiruka chanya ikagusa bodi ni moto. Ichaji ijae kabla ya kuifunga, ilaze usiku, asubuhi pima kabla ya kufungua mlango: AGM nzima inasoma 12.8 hivi, ukikuta chini ya 12.5 rudi hatua ya 2.