Bei ya tinti ipange kama ya kanzu

Kabla sijagusa gari la mtu nilishona kanzu miaka 11, hapa hapa Chake Chake, Pemba. Ndiyo maana bei ya tinti, ile karatasi ya kutia giza vioo vya gari, naipanga kicherehani: kitambaa mbali, ushoni mbali, na vipande vinavyoanguka chini navyo vina mwenyewe wa kuvilipia.

Anza na roli la karatasi. La kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30. Usishike bei uliyotajiwa dukani Unguja, shika ile iliyolifikisha mlangoni kwako: boti mpaka Mkoani, mchukuzi, gari ya kuja Chake. Tuseme jumla ni shilingi 360,000, basi kila mita imekusimamia 12,000. Na ulifungue bandarini ulitazame. Roli langu la pili lilishuka limepondeka, na alama ikawa inajirudia kila mzunguko. Nilitupa karibu mita 4. Kitambaa kikikunjika utakipiga pasi. Karatasi hii ikishavunjika, imevunjika.

Gari ndogo kama IST hula mita 3 na nusu hivi, bila ya kioo kikubwa cha mbele, ambacho mie sikigusi hata unilipe mara mbili. Hiyo ni 42,000. Hapo ndipo wengi wanapokomea, wakaongeza "cha juu" kidogo wakaona wamefaidi. Mie gari yangu ya kwanza ilikuwa Escudo, nikataja 60,000 kwa sababu nilisikia kuna mtu Unguja anafanya kwa bei hiyo. Kioo cha nyuma kilinishinda mara mbili. Kile kimepinda, karatasi lazima uisinyaze kwa hewa moto mpaka ifuate mpindo, na ukizidisha moto inajikunyata kama ngozi ya maziwa. Siku ile nilirudi nyumbani na deni.

Kwa hivyo weka fungu la kuharibu. Mie naweka 5,000 kwa kila gari, niharibu nisiharibu. Siku utakayoingiwa na vumbi chini ya karatasi, na ukifanyia kazi barazani upepo wa kusi utakuingizia tu, utabandua na kurudia bila kumwomba mteja hata senti. Wembe, shampuu ya watoto ya kuchanganyia maji, umeme: 3,000. Kodi ya banda ukilipa 90,000 kwa mwezi na ukapata gari 12, kila moja inabeba 7,500. Mpaka hapo ni 57,500, na wewe bado hujala. Ushoni wangu ni 30,000, maana mwanzoni gari moja itakuchukua asubuhi nzima. Inakuja 87,500, mie nasema 95,000 na naachia kwa 90,000. Chini ya hapo namwambia mtu kwa heshima, "Mzee wangu, nenda katazame na kwengine."

Noah na Alphard nyingi zinakuja kutoka Japani vioo vya nyuma vishakuwa vyeusi, kwa hivyo mtu anataka vioo viwili vya milango ya mbele tu. Karatasi ni mita moja. Usimtoze kwa mita! Kuosha, kupima na kufunga banda ni kazi ile ile. Mie ni 35,000.

Kubandua tinti kuukuu ni bei yake peke yake, tena uitaje kabla. Gundi ya kioo cha nyuma inataka subira, kwani zile nyaya nyembamba za kukausha mvuke ukizipitishia wembe umezikata, na hapo utalipa wewe.

Weka aina mbili za karatasi. Ile rahisi ya rangi tupu, jua letu baada ya muda huigeuza zambarau. Ya seramiki ni ghali lakini inazuia joto kweli. Wateja wanadhani kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo gari inavyopoa; waeleze kuwa weusi ni jambo moja na joto ni jengine, ndipo watakapoelewa kwa nini karatasi isiyo nyeusi sana imezidi bei.

Arbuni chukua nusu, kabla hujakata. Kanzu isiyochukuliwa nitamuuzia mwengine, lakini karatasi iliyokatwa kwa mlango wa Vitz itamfaa nani?

Msimu wa karafuu, watu wakiwa na pesa, utashawishika kupandisha. Mie sipandishi, naacha tu kupunguza: 95,000 inabaki 95,000. Nilipokuwa nashona kanzu niliwahi kupandisha mwezi wa Ramadhani, na wateja wale Idi ya pili sikuwaona. Masika ndipo naposhusha kidogo, kazi zinapopungua, ila namwambia mteja vioo asivishushe wiki nzima kwa sababu unyevu unachelewesha kukauka.

Jamaa nao watakuja. Hapo punguza ushoni, kitambaa usikiguse. Shemeji yangu wa Wete alikuja na Carina, nikamwambia, "Shemeji, mkono wangu ni bure, karatasi na banda ni 57,500." Akanuna, akaenda zake. Baada ya siku tatu akarudi na 57,500 kamili, na mkungu wa ndizi juu ya siti ya nyuma.