Somo: Kuchakaza herufi nyembamba za kichwa cha habari kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha

Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na mabango ya karne ile yakajaa herufi ndefu zilizobanwa, ambazo kadiri zilivyotumika ndivyo zilivyokwaruzika na kushika wino kwa mabaka. Uchakavu tunaouiga leo kwenye majalada na mabango ya filamu una chanzo hicho, na ni vyema kukizingatia tangu mwanzo.

Hatua ya 1. Chagua fonti safi. Mimi hutumia League Gothic, ambayo hutolewa bure na inatokana na Alternate Gothic ya Morris Fuller Benton, ya mwaka 1903. Andika neno lako, tuseme HATARI, kwa ukubwa uleule utakaochapwa.

Hatua ya 2. Tengeneza mabaka kwa mkono wako. Paka wino wa muhuri kwenye kipande cha mbao kisichopigwa msasa, kisha kigandamize juu ya karatasi nyeupe mara nne mfululizo bila kuongeza wino. Alama ya tatu au ya nne ndiyo huwa nzuri zaidi, kwa sababu wino umeshapungua na nyuzi za mbao zinaonekana.

Hatua ya 3. Ipige skani alama hiyo, geuza nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, kisha ibandike kwenye maski (kifuniko) ya tabaka (layer) la maandishi. Kwenye maski, nyeupe huonyesha na nyeusi huficha.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Herufi ya mbao inapogandamizwa, wino husukumwa pembeni, hivyo ukingo hubaki mweusi na katikati ndiko hupauka. Chukua brashi nyeupe, urudishe kingo. Kagua kila herufi peke yake, kwani R iliyopoteza mguu husomeka P, na A iliyokatika ufito wa kati si A tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini nisitumie fonti iliyokwisha kuchakazwa?
Jibu: Tazama HATARI: A zote mbili zitakuwa na kovu lilelile mahali palepale, ilhali kwa mchapaji zilikuwa vipande viwili vya mbao, kila kimoja na makovu yake. Baadhi ya fonti hizo huweka umbo la pili la herufi kubwa kwenye vibonye vya herufi ndogo; ukilikuta, changanya yote mawili.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilichapa kwenye karatasi ya gazeti, mikwaruzo yote ikapotea.
Jibu: Marahaba. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na kuutandaza, kwa hiyo nyufa nyembamba huzibika. Punguza idadi ya mikwaruzo, uipanue iliyobaki, kisha uchape jaribio kwenye karatasi hiyohiyo kabla ya kupeleka kazi kiwandani.

Swali: Je, herufi hizi zilizochakazwa naweza kuziandikia na aya za chini ya kichwa?
Jibu: Hapana. Aya zinataka herufi safi zenye upana wa kawaida.