Theluji Nzuri Huanza Kutafutwa Usiku

Jumamosi iliyopita mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Grenoble, Ufaransa, akitoka mlimani kuteleza kwa skii, zile mbao mbili ndefu za kuvaa miguuni. Mimi nilikuwa hapa Himbi, mtaa wa Goma, nafunga gurudumu la chukudu, chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo. "Mjomba, walitangaza sentimita 40 za theluji mpya, mbona nimeteleza kama niko juu ya mawe ya volkano?" Nikamuuliza kama upepo ulivuma. Akasema usiku kucha. Nikamuuliza walikuwa upande gani wa mlima. Hakujua.

Nilifanya kazi misimu mitano Val Thorens, kijiji cha skii kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa, nikinoa skii za wageni na kuzipaka nta ili ziteleze. Kijiji kile kiko mita 2300 juu ya bahari, na lifti ya waya ya kilele cha Cime Caron inakufikisha mita 3200. Kila siku kabla ya saa mbili asubuhi ilinibidi nijue theluji imeamkaje, kwa sababu nta ya baridi kali haifai kwenye theluji yenye maji. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mpwa wangu na watoto wetu wengine walioko Ufaransa, Uswisi au Kanada, wanaolipa tikiti ya lifti kwa pesa walizozitolea jasho, halafu jioni wanarudi na magoti yanayouma.

Sentimita peke yake hazikuambii kitu. Uliza theluji ilianguka kwenye baridi gani. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya bugali, yaani ugali, atanielewa haraka: unga mkavu wa muhogo ukiufumbata unakutoka kati ya vidole, ulionyeshewa unashikana donge. Chota theluji kwa glavu, fumbata, fungua mkono. Ukiipuliza ikapeperuka, siku yako imefika. Ikishikana lakini inavunjika ukiigusa, bado utafurahi, hasa wewe unayeteleza kwa ubao mmoja badala ya skii mbili. Ikikamuka maji, kapande lifti nyingine iende juu zaidi. Hata sikio linasaidia. Baridi ikipita nyuzi 10 chini ya sifuri, theluji inalia chini ya buti kama bawaba kavu.

Mwanasayansi Mjapani Ukichiro Nakaya, aliyekuwa kisiwani Hokkaido, mwaka 1936 alifaulu kukuza chembe ya theluji ndani ya maabara, akaonyesha kwamba umbo lake linafuata baridi na unyevu wa hewa. Karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri zinatoka nyota zenye matawi mengi. Matawi yale yanazuia nyota zisibanane, hewa inabaki katikati, ndiyo maana theluji hiyo ni nyepesi hivyo. Milimita 10 za maji kwa kawaida zinatoa kama sentimita 10 za theluji. Kukiwa na baridi kavu, maji yaleyale yanaweza kutoa 15 hadi 20.

Kwa hiyo usiku, kabla ya kulala, fungua meteo, utabiri wa hali ya hewa, na utafute kimo ambacho joto linafika sifuri. Theluji mara nyingi huanza kushika kama mita 300 chini ya hapo. Sifuri ikiwa mita 2000, kijiji cha mita 1500 kitapata mvua, usijisumbue kwenda. Kila ukipanda mita 1000, joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu. Aliyewahi kulala juu ya Nyiragongo, volkano yetu ya mita 3470, anaijua hesabu hii kwa meno yake yaliyogongana, na ndiyo inayoufanya mlima mrefu zaidi wa Karisimbi uamke nyeupe asubuhi nyingine huku sisi Goma tunafungua madirisha.

Sasa upande wa mlima. Hapa ndipo watu wetu wanapokosea, na sababu ni nyumbani. Goma iko chini kidogo tu ya ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo hatukukua tukifikiria kaskazini na kusini. Kule Alpi mwezi wa kwanza jua linatembea chini chini upande wa kusini. Mteremko unaotazama kusini unayeyuka mchana na kuganda usiku. Baada ya siku mbili za jua unakuta gamba linalokata nta kama msasa. Mteremko unaotazama kaskazini unakaa kivulini, na unga wake unaweza kubaki laini wiki nzima. Nunua ramani, weka alama ya kaskazini kwa kalamu, ujue kila lifti inakupeleka upande upi. Ukienda Afriski, kituo cha skii kule Lesotho, ambako msimu ni mwezi wa sita hadi wa nane, geuza kila kitu: huko kivuli kiko upande wa kusini.

Upepo ndio mwizi mkubwa. Unafagia upande unaopigwa, unabakiza barafu na mawe, na kwenda kurundika theluji upande wa pili wa kilele. Kwenye safari hiyo unasaga zile nyota, matawi yanavunjika, vipande vinapangana vizito kama udongo uliopigwa. Hizo ndizo sentimita 40 za mpwa wangu. Usiku wa upepo mkali, asubuhi nenda msituni: miti inavunja upepo na theluji inaanguka taratibu. Kukiwa na ukungu pia, mashina yanakusaidia kuona ardhi iko wapi.

Lile rundo la nyuma ya kilele linavutia macho, na linaua. Februari moja nilitoka kidogo nje ya pisti, njia iliyotengenezwa ya kutelezea, na mwenzangu wa kazi. Hatua ya tatu theluji ikatoa sauti nzito, wumm, kama mtu ameketi kwenye godoro kuukuu, na ufa mwembamba ukakimbia mbele ya ncha za skii zangu. Tulirudi kwa nyayo zetu zilezile, mmoja mmoja, bila kusema neno. Tangu siku hiyo nasoma tangazo la maporomoko kabla ya kunywa chai. Namba zake Ulaya ni 1 hadi 5, na siku za namba 3 ndizo zinazozika watu wengi, kwa sababu inaonekana ni ya katikati. Mteremko wenye mwinamo unaozidi nyuzi 30 siku hiyo uuache. Nje ya pisti usiende peke yako, wala bila kifaa cha kutafutana, fimbo ya kuchokorea na beleshi, na mwenzako awe anajua kuvitumia: aliyefunikwa anahesabiwa dakika kama 10 tu kabla matumaini hayajaanza kushuka haraka.

Kuanzia mwezi wa tatu mbinu inabadilika kabisa. Unataka usiku usio na mawingu, theluji igande ngumu, kisha jua lilainishe sentimita mbili za juu. Usiwahi sana. Saa tatu bado ni saruji. Anza na miteremko inayotazama mashariki, ikianza kulegea hamia ya kusini, maliza na ya magharibi, unalifuata jua kama mwanamke anayehamisha mkeka wa kuanikia sambaza, samaki wetu wadogo. Kila mteremko unakupa kama saa moja nzuri. Usiku ukiwa na mawingu haigandi vizuri, basi lala. Na buti ikianza kuzama mpaka kwenye kifundo, siku imekwisha: toka kwenye miteremko mikali mara moja, panda lifti urudi chini, kabla theluji nzito ya mchana haijaanza kuporomoka.