Jinsi ya kukaa kwenye kibanda cha msituni ambacho hakipo

Kibanda chetu kiko msitu wa Mabira, Uganda. Ukishapita Lugazi, kabla hujafika pale Najjembe ambapo vijana wanakimbilia magari na kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, unaingia msituni unatembea mpaka usisikie tena malori. Kina vyumba viwili, kibaraza, na mlango unaokwama kila mvua ikinyesha. Ukienda kukitafuta hukipati, manake hakipo, tulikijenga kwa maneno tu ndani ya kamunye, yale mabasi madogo ya abiria, kwenye jamu ya jioni ya kutoka Kampala kurudi Mukono, watu watatu, mimi wa Bombo, fundi simu wa Arua na dada mmoja wa Busia anayeuza vitenge, na Kiswahili ndo lugha pekee ambayo sote tunaweza kutukanana vizuri. Huu ni mwaka wa pili tunaishi mle na hatujachokana. Kama na nyie mnataka cha kwenu, fanyeni hivi.

Kwanza chagueni msitu wa kweli. Ukisema tu "msitu fulani huko" basi umekwisha, huo hauna mvua wala wadudu wala njia ya kufikia, utaongea nini? Mabira tunaujua, mvua yake tunaijua, Machi mpaka Mei alafu Septemba mpaka Novemba hivi, tunajua hondohondo akipita juu mabawa yanavyovuma utadhani kuna mtu anapepeta mchele angani, na kima wa mkia mwekundu ambao ukiacha ndizi kwenye kibaraza ni kosa lako. Walio Masindi wana Budongo. Watu wa Fort Portal wana Kibale ila huko sokwe ni wengi, watawapigieni kelele kuliko watoto wa shule. Bwindi sitaki hata kuisikia, siwezi kuishi na jirani gorila ambaye kumtazama tu ni kibali cha mamia ya dola.

Pili, na hapa ndo vibanda vingi vinakufa, kataza utajiri. Wiki ya kwanza fundi simu alileta jenereta, televisheni ya inchi 55, friji, na siku ya Alhamisi akachimba bwawa la kuogelea. Tukakaa siku nne kimya kwenye kamunye kila mtu na simu yake, kwa sababu nyumba ambayo kila kitu kinafanya kazi haina stori. Ndo dada wa vitenge akatoa sheria, unaingia na kile tu unachoweza kubeba kwa miguu kutoka barabarani. Basi. Jenereta ikarudi ilikotoka. Tukabaki na panga, sigiri, jerikeni mbili za lita 20, vyandarua, chumvi, blanketi, na mabati ambayo tuligombania siku mbili nzima, kwamba mtu mmoja anabeba mabati mangapi kichwani kwenye njia yenye mizizi. Tulikubaliana matatu, na matatu ni ukiwa na shingo ya fundi simu.

Mbao je? Dada alikataa tusikate mvule wala mahogani hata kwa maneno. Alisema 2007 watu waliandamana Kampala msitu huu usikatwe kupandwa miwa, wengine wakafa, sasa sisi tuje tuukate kwa mdomo? Ikabidi tujengee ule mti mgeni ulioingia Mabira ukajazana, jamaa ya mforsadi, wa kule Asia ambao gome lake walitengenezea karatasi. Ukikata huo msitu unakushukuru. Mbao zake ni laini sana lakini, ndo maana mlango unakwama.

Sasa matatizo. Leteni tatizo moja kila jioni, moja tu, na mlitatue kweli kweli kama vile mko huko. Hairuhusiwi kusema "nimeshalimaliza".

Chukua siafu. Walikuja mwezi wa Aprili, usiku, safu nene inapita chini ya mlango, fundi simu akataka kupuliza dawa, dawa gani na tulikubaliana hakuna kavera, mfuko wa plastiki, hata moja kutoka dukani. Dada ambaye amekulia kijijini akasema majivu ya moto yanawazuia kama bado wako nje, unayamwaga mstari mnene kuzunguka nyumba, ila wakishaingia usishindane nao, beba kuku, beba blanketi, toka nje uwapishe. Watapita kila ufa, watamaliza mende, watakula na panya wachanga darini, asubuhi unarudi nyumba ni safi kuliko ulivyoiacha. Basi usiku ule tukalala nje. Hapo tulikuwa tumefika Bweyogerere, tumebanana kiti cha nyuma kabisa, na nakuapia nilikuwa nimekunja miguu yote miwili juu ya begi langu.

Au kuni zenye maji. Mimi ndo mwenye moto, na mwezi wa kumi kila kitu kinatiririka, nikasema nitapasua gogo lililokufa limesimama, lililolala chini hapana limeshanyonya maji, ndani yake pakavu nichonge vinyoya vyembamba na panga, na cha kuwashia nitumie maganda ya machungwa niliyokausha juu ya sigiri tangu wiki iliyopita, yana mafuta yale, yanashika haraka. Fundi simu akauliza machungwa tulikula lini. Tukabishana kuhusu machungwa mpaka Namanve. (Tulikula Jumanne, nakumbuka vizuri, yeye alikula manne.)

Kazi za nyumba zisikupe shida, asiyekuwepo ndo anapewa mbaya. Fundi simu alienda kwao Krismasi, akarudi akakuta ni yeye aliyesahau kufunga banda na fungo amekula kuku wawili. Alikasirika kidogo kweli. Deni la mjini pia lisiingie kibandani, mimi namdai elfu ishirini tangu mwaka jana lakini tukishapita Kireka huwa sisemi kitu, na yeye analijua hilo vizuri sana, ndo maana kibanda anakianzisha mapema.

Na wageni? Mgeni msimkatae. Ijumaa moja tulikuwa tunapika luwombo ya kuku, mimi nakoleza moto, dada anafunga kuku kwenye jani la mgomba, na kiti cha mbele yetu alikaa jajja mmoja, bibi mzee, na ndoo ya nyanya mapajani. Akageuka taratibu, akatuuliza kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi kama cha mama yangu,

"Nyie watoto, hilo jani mmelipitisha motoni?"

Dada akasema, "Hapana jajja."

"Basi litapasuka, mchuzi wote utaingia kwenye maji."

Akaweka ndoo chini akatufundisha kwa mikono, jani liwe zima bila mchaniko, unalipitisha juu ya moto polepole mpaka libadilike rangi lilegee kama kitambaa, ule uti wa katikati unauchonga kwa kisu uwe mwembamba ujikunje bila kuvunjika, unakusanya pembe juu, unafunga na kamba ya mgomba. Chini ya sufuria unapanga vikonyo vya majani ili mzigo usiguse maji, unafunika, masaa mawili au zaidi, na usifunue funue. Vidole vyake vilikuwa vinakunja jani ambalo halikuwepo na mimi nililiona mpaka ule moshi. Kamunye yote kimya.

Alafu akauliza, "Na choo kiko wapi?"

Mwaka mzima tunaishi mle. Hakuna aliyekuwa amefikiria choo.

"Konda, maaso awo," akasema, yaani nishushe hapo mbele, akashuka Seeta na ndoo yake, na kabla mlango haujafungwa akainama, "Nikirudi nikute shimo."

Kwa hiyo chimbeni choo mapema, ndo ushauri wangu mkubwa, na kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji mnayochota, upande wa bondeni sio wa juu yake. Sisi mpaka leo tunasukumana. Fundi simu anasema alibeba mabati, dada anasema yeye ndo aliyekumbuka majivu, mimi mgongo wangu unauma na huo unauma kweli. Jana konda, ambaye siku zote tulijua hasikilizi, aligeuka akihesabu pesa akauliza lile shimo limefika futi ngapi.

Nikamwambia tano. Fundi simu akaniangalia vibaya sana, manake alijua ni uongo.