Jua Mbele, Ngalawa Kizani: Namna ya Kupiga Mapambazuko ya Jambiani

Ukisimama ufukweni Jambiani, mashariki ya Unguja, jua linachomoza usoni mwako. Jicho linaona vyote: wekundu wa mbingu, mchanga, hata kamba iliyofunga ngalawa. Kamera haina uwezo huo. Ukiipimia mbingu, ngalawa inakuwa kipande cha mkaa. Ukiipimia ngalawa, mbingu inageuka karatasi nyeupe. Dawa ni mbili: filta, yaani kioo cha nusu nyeusi nusu wazi mbele ya lenzi kinachoitia mbingu kiza, au picha kadhaa zinazounganishwa kwa programu ya kompyuta.

Hatua ya 1: Jiandae kabla ya nuru

Fika saa 11 na nusu alfajiri hivi. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo kuanzia kupambazuka vizuri hadi jua kutokeza unazo kama dakika 20 tu. Simamisha tripodi, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, hali ya M ambapo unapanga kila kitu mwenyewe, na faili la RAW, linalohifadhi taarifa zote za kamera. JPEG, faili lililobanwa, hapa haifai. Mbingu ikishageuka nyeupe tupu ndani yake, huna cha kurudisha. Na kama lenzi yako ina kitulizi cha mtikisiko, kizime.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

Chagua upimaji wa nukta, yaani kamera ipime mwanga wa sehemu ndogo tu ya picha. Elekeza kwenye mbingu karibu na pale jua litakapotoka. Tuseme inakupa kasi ya 1/125 ya sekunde. Elekeza kwenye mchanga, inakupa 1/8. Kila mwanga unapoongezeka mara mbili ni stopu moja: 8, 15, 30, 60, 125. Tofauti ni stopu 4. Sasa pima ubavu wa ngalawa ulio kivulini. Ukipata nusu sekunde, zimeongezeka 2, jumla 6.

Hatua ya 3: Tazama mstari wa bahari

Wengi huruka hapa, na mimi niliruka. Jiulize: je, kuna kitu kinachovuka upeo wa macho kuingia mbinguni?

Nilipopata filta yangu ya kwanza niliipiga ngalawa moja ikiwa na mlingoti wake, nikafurahi, nikasafisha picha na kumpelekea mwenye chombo. Mzee akaitazama sana. "Mwanangu, mlingoti wangu umeungua lini?" Kweli, nusu ya juu ilikuwa nyeusi tii, nusu ya chini ina rangi yake ya mti. Filta haijui mlingoti ni nini. Inatia kiza kila kilicho nyuma ya sehemu yake nyeusi. Mnazi ulioinama nao utaungua vivyo hivyo.

Kwa hiyo: bahari tupu, mchanga na vijiti vya mwani vilivyo chini ya upeo, tumia filta. Mlingoti, mnazi au mtu amesimama karibu, iache begini, uende Hatua ya 5.

Hatua ya 4: Ukitumia filta

Chukua filta ya mstatili, nusu nyeusi nusu wazi, yenye mpaka mkali kati ya nusu hizo, maana upeo wa bahari umenyooka. Iliyoandikwa 0.6 hupunguza stopu 2, ya 0.9 hupunguza 3. Kwa tofauti yetu ya stopu 4 natumia 0.9 na kuibakishia mbingu stopu moja. Usisawazishe kabisa! Maji yakimeta kuliko mbingu inayoyaangaza, mtazamaji atahisi uongo hata kama hajui ulipo.

Pima mchanga kwanza bila filta, funga kasi ya 1/8, ndipo uiteremshe filta polepole ukitazama kioo cha nyuma ya kamera. Ikishuka chini ya upeo utaona utepe wa kiza juu ya maji.

Hatua ya 5: Ukitumia programu

Zima fokasi ya otomatiki, kisha piga picha tatu kwa kubadili kasi peke yake: 1/125, 1/30, 1/8. Ubavu wa ngalawa ukiwa muhimu, ongeza ya nusu sekunde. Programu ya Lightroom huziunganisha kuwa faili moja la HDR, lenye mwanga na kiza cha picha zote. Darktable, ambayo ni ya bure, nayo inaweza. Halafu punguza sehemu angavu, inua vivuli kidogo, na uache kiza kiwe kiza.

Shida ni mwendo. Ngalawa inayoelea husogea kati ya picha na picha, ikatoka na vivuli viwili. Mimi hungoja ile iliyokaa mchangani maji yakipwa. Isipokuwepo, napiga moja tu: naongeza mwanga mpaka kabla tu histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha kiza kushoto na mwanga kulia) haijagonga ukuta wa kulia, kisha nainua vivuli nyumbani. Vitatoka na chengachenga, lakini navumilia hizo kuliko chombo chenye milingoti miwili.

Ukirudi, suuza filta kwa maji baridi ya bomba kabla ya kuifuta. Chumvi ikikaukia juu yake, kitambaa kitaisugua kama msasa.